Herufi Tatu Kwenye Stakabadhi ya Sangara

Baba yangu mdogo ni mvuvi wa Ziwa Victoria upande wa Igombe, hapa Ilemela, Mwanza. Ana mtumbwi mmoja wa injini, vijana wanne wanaoingia naye majini, na kopo kuukuu la maziwa ya unga anamotunza karatasi zake zote: leseni, picha za pasipoti, na stakabadhi za sangara alizouza. Miezi kadhaa iliyopita alinipigia simu saa tatu usiku. Nikashtuka, maana saa hizo huwa yuko ziwani.

"Mwanangu, si ndiyo kazi yako kutafsiri? Basi njoo kesho unisomee kitu."

Nilimkuta mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, amekalia kreti iliyofunikizwa, kopo liko magotini. Stakabadhi alikuwa amezipanga juu ya mkeka, kila moja na kokoto yake juu ili upepo wa ziwa usizipeperushe. Zilikuwa ishirini na tatu. Kila moja ilikuwa na safu mbili za tarakimu, na juu ya safu hizo yamechapwa maneno mawili ya Kiingereza: "Gross" na "Net". Ya kwanza ilisema 214, kisha 197. Pembeni, kwa penseli, mzee ameandika 17. Ya pili ilisema 168, kisha 156, na penseli ikasema 12. Hivyo hivyo hadi ya ishirini na tatu, ambapo chini alikuwa ameandika jumla na kuipigia mstari: 318.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka uliotangulia alichukua nyavu kwa mkopo kutoka kwa mnunuzi anayemuuzia samaki. Ni utaratibu wa kawaida ziwa zima: anayenunua samaki ndiye anayekukopesha nyavu, mafuta, wakati mwingine hata injini, nawe unamuuzia yeye tu hadi deni liishe. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Aliambiwa, "Tutakukata kidogo kidogo." Stakabadhi zilipoanza kuja na neno "Net", akamwita mjukuu wake wa darasa la sita. Mtoto akafungua kamusi yake ya picha, akaonyesha kwa kidole: "Babu, net ni nyavu."

Mzee akaelewa. Nimeleta kilo 214, nimelipwa kilo 197, kilo 17 zimeenda kwenye nyavu. Kwa miezi mitano akawa anaingia ziwani akijua kwamba kila safari deni linapungua. Alipokwenda kusema kwamba kwa hesabu zake amemaliza, akaambiwa deni liko pale pale lilipoanzia, halijaguswa hata shilingi moja. Zile kilo 318 zilikuwa uzito wa kreti, barafu na maji.

Mtoto alisema kweli. Mzee naye alipiga hesabu bila kukosea kilo hata moja. Kosa lilikuwa kwenye herufi tatu zilizochapwa juu ya safu, na mimi ninayekula kwa kazi ya kutafsiri nimeona aibu kwamba ndugu yangu wa damu alisoma karatasi hizo miezi mitano peke yake.

Turudi kwenye neno lenyewe. Kiingereza kina "net" mbili, na mbili hizo hazina undugu wowote. Zimekutana tu kwenye tahajia na matamshi, kama watu wawili wasiojuana waliopewa jina moja. Ya kwanza ndiyo ile ya mjukuu: wavu. Ni neno la kale la Kiingereza, na Mjerumani analo vilevile, kwake ni "Netz". Ya pili ilitoka Ufaransa, ambako maana yake ni safi, na Wafaransa waliipata kwenye Kilatini, "nitidus", kitu kinachong'aa. Neno la Kiingereza la unadhifu, "neat", linatoka tumbo hilo hilo. Wafanyabiashara wa Ulaya walilitumia kwa kitu kilichosafishwa makato yake: ukishaondoa gunia, kasha, gharama na kodi, kinachobaki ndicho kisafi. Waingereza wenyewe waliona hatari ya kuyachanganya, ndiyo maana kwa muda mrefu wengi wao waliiandika ile ya biashara kwa t mbili, "nett". Hadi leo utaikuta kwenye baadhi ya mifuko na makopo. T hiyo ya pili ingetosha kumfanya mtoto wa darasa la sita asite kidogo kabla ya kumjibu babu yake.

Na kati ya uzito wa mwanzo na ule msafi kuna neno la tatu ambalo stakabadhi za baba mdogo hazikuwa nalo kabisa: uzito wa chombo. Kwa Kiingereza huitwa "tare", na hilo lilitoka kwenye Kiarabu, kwenye kitenzi cha kutupa. Ni kile kinachotupwa kando. Yaani hesabu kamili ina sehemu tatu: ulicholeta, kilichotupwa, kilichobaki. Karatasi ya mwaloni ilikuwa na ya kwanza na ya tatu. Ile ya katikati, ambayo ndiyo pekee mtu anaweza kuigombania, ilikuwa haionekani. Na palipo na nafasi tupu msomaji huijaza kwa anachokijua. Baba mdogo alijaza deni lake.

Nataka nikae kidogo kwenye wavu, kwa sababu hapa ndipo nilipoona jinsi Kiswahili kilivyo tajiri kwa jambo ambalo Kiingereza kinalibana kwenye neno moja.

Fungua Injili ya Mathayo kwa Kiswahili, ile Biblia ya Union ambayo wazee wetu wengi wanayo. Sura ya nne, Simoni na Andrea wanakutwa wakitupa jarife. Mistari miwili mbele wanaziacha nyavu zao na kumfuata Yesu. Kisha sura ya kumi na tatu, ufalme wa mbinguni unafananishwa na juya lililotupwa baharini likakusanya wa kila namna. Jarife, nyavu, juya. Sasa fungua ile ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, soma mistari hiyo hiyo. Ni "net", "nets", "net". Kwenye Kigiriki cha Mathayo mwenyewe yalikuwa maneno matatu tofauti, kwa sababu wavuvi wa Galilaya, ambayo nayo ni ziwa kama letu, walikuwa na zana tatu tofauti. Waliotafsiri kwa Kiswahili walikwenda pwani, wakayakuta maneno ya wavuvi yako tayari, wakayatumia. Mvuvi yule anayesoma Biblia Kigoma au Ukerewe huenda hajui jarife la pwani likoje, lakini anajua kwamba hilo si juya. Msomaji wa Kiingereza hapewi hata nafasi ya kujiuliza.

Huku ziwani tuna majina yetu. Kuna kokoro, linalokokotwa hadi ufukweni na kuzoa kila kitu, mayai na vifaranga vya samaki. Kuna timba, nyavu za utali ambazo samaki hazioni majini na zikikatika hazioziki, zinaendelea kuua huko chini bila mwenyewe. Kuna nyavu za dagaa zinazofanya kazi na taa usiku usio na mwezi. Kuna nyavu za kutega za sangara, ambazo mvuvi hazitaji kwa urefu bali kwa macho, yaani upana wa matundu yake: za inchi ngapi? Swali la kwanza la mvuvi kuhusu wavu ni jicho lake. Nyavu za kutega za kizungu ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, na tangu Mwingereza Michael Graham alipofanya utafiti wake mwaka 1927 na 1928, akakuta samaki wa asili ambaye wenzetu wa Kisumu humwita ngege amevuliwa kupita kiasi, akapendekeza jicho lisipungue inchi 5, historia nzima ya sheria za uvuvi ziwani humu imekuwa ubishi juu ya macho ya nyavu. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinapiga marufuku kokoro na timba. Hazipigi marufuku wavu. Kwa mtu anayeishi kwa kazi hii, tofauti ya wavu na wavu ndiyo tofauti ya kulala nyumbani na kulala mahabusu.

Ndiyo maana sipendi ripoti na mafunzo ya uvuvi yanayofanyika kwa Kiingereza kwanza, kisha yanashuka kwa wavuvi yakiwa yamebaki na "neti haramu". Haramu ipi? Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa mwalo mmoja, nje ya Mwanza, mtaalamu akasema kwa sauti kubwa kwamba neti zimepigwa marufuku ziwani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono: "Zipi, hizi tulizogawiwa za kulalia watoto?" Watu wakacheka, lakini mama hakuwa anachekesha. Kanda hii neti kwa lugha ya mtaani ni chandarua. Mtu akisema "nunua neti" hakuna anayefikiria sangara. Na yule mama alikuwa na sababu nyingine ya kuuliza, ambayo kila mtu pale aliijua: vyandarua vingine vimeishia kuanikia dagaa, vingine kuzungushia bustani ya mchicha, na vingine, kweli, vimeshonwa vikaingia majini kuvua dagaa na furu. Chandarua chenye dawa ni hatari kwa samaki, kwa sababu dawa ile inayomuua mbu ni sumu kali kwa viumbe vya majini. Kwa hiyo mtaalamu alikuwa na jambo la maana la kusema. Lugha ndiyo iliyomwangusha. Angesema "chandarua kisiingie ziwani, kokoro lisiingie ziwani" asingeulizwa na yeyote.

Ningependa nieleweke hapa. Silalamiki kwamba Kiswahili kimeazima. Kiswahili kimeazima kitabu na meza, kimeazima shule kwa Wajerumani, na hakuna aliyepungukiwa. Neti ya kulalia imeshakuwa mtoto wa nyumbani, ina ngeli yake, tunasema neti hii, neti zimechanika, na bibi asiyejua neno jingine la Kiingereza analisema bila kujikwaa. Hata chandarua, neno zuri kuliko hilo, halijafa: liko kwenye mabango ya zahanati na kwenye midomo ya wauguzi. Tangu enzi za Hati Punguzo, ule mpango ulioanza mwaka 2004 wa kuwapa wajawazito vocha ya kununulia chandarua, maneno yote mawili yameishi pamoja kwa amani. Neno lililoazimwa likapewa ngeli na matumizi yanayojulikana ni neno la Kiswahili. Ninalolalamikia ni neno lililoachwa lisimame na viatu vyake vya Kiingereza katikati ya karatasi inayoamua deni la mtu.

Tena ona jinsi lugha yetu inavyofanya vizuri ikiachiwa nafasi. Kwenye michezo, Mwingereza aliutazama mchezo wa wasichana wa kutupia mpira juu ya mti akauita kwa wavu unaoning'inia: netiboli. Mswahili aliutazama mchezo ule ule akaona chuma cha mviringo, akauita mpira wa pete. Wavu akauweka pale unapostahili, kwenye mchezo ambao wavu unakatiza uwanja katikati, na huo ndio mpira wa wavu, ambao kwa Kiingereza jina lake halina wavu hata kidogo. Nimeshaona ratiba ya michezo ya shule moja iliyotafsiriwa neno kwa neno, wasichana wa netiboli wakaandikiwa "mpira wa wavu", wakaenda kusimama kwenye uwanja wa watu wengine. Na pale Kirumba uwanjani, mtangazaji akisema mshambuliaji amecheka na nyavu, hata asiyefuatilia mpira anajua bao limeingia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na mpango wake wa kusaidia kaya maskini. Kwa Kiingereza mpango ule una jina refu lenye "safety net" ndani yake, taswira ya wavu unaotandazwa chini ya mtu anayetembea juu ya kamba kwenye sarakasi, ili akianguka asife. Mfasiri mvivu angeandika "wavu wa usalama". Fikiria maneno hayo yasomwe mbele ya wanakijiji wa Kome au Ukerewe. Kwa mtu wa ziwa wavu ni kitu cha kunasa. Kinachoingia wavuni hakitoki kikiwa hai. Nani angependa kuambiwa serikali imemtegea wavu chini ya miguu? Walioupa mpango huo jina la Kiswahili waliiacha taswira ya Waingereza, wakashika maana, wakaandika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kunusuru ni kuokoa mtu kwenye hatari, na kaya ndiyo inayohesabiwa. Hakuna mtu kijijini anayehitaji kamusi. Sijui kama aliyekaa na kuamua jina hilo aliwahi kushukuriwa, mimi namshukuru.

Mtandao nao ni kazi nzuri. Kiingereza kilichukua wavu wa mvuvi kikaufanya wa nyaya, na neno lile, "network", ni la zamani kuliko nyaya zenyewe, liko kwenye Biblia ya 1611 likieleza kichanja cha shaba cha madhabahu kilichofumwa kama wavu. Sisi hatukufuata wavu. Tulikwenda kwenye kutanda, kama wingu linavyotanda juu ya Bwiru kabla ya mvua, kama utando wa buibui. Leo hata karani wa mwaloni husema mtandao umekata anaposhindwa kutuma pesa, na hakuna anayemuuliza samaki gani wamevuliwa.

Sasa tukirudi kwa ile "net" ya pili, ya biashara, watu huniambia hapo ndipo Kiswahili kinaposhindwa, kwamba neno lake halipo ndiyo maana Kiingereza kinabaki. Hilo si kweli, na nashangaa linavyorudiwa na watu wenye shahada. Chukua mfuko wowote wa unga dukani, ugeuze. Umeandikwa uzito halisi. Na hebu tazama ustadi wa neno hilo: halisi limetoka kwenye Kiarabu, kitu safi kisichochanganywa, ukoo mmoja na ikhlasi, ule usafi wa nia anaousema shehe. Kifaransa kilisema safi, sisi tukasema halisi, na mizani ikasimama mahali pale pale. Kwa upande wa pili tuna ghafi, neno tulilonalo kila siku ndani ya malighafi, kitu kabla hakijaguswa. Mamlaka ya kodi inakuuliza mauzo ghafi, magazeti yanaandika faida halisi. Jozi hiyo iko kamili, haihitaji kubuniwa na mtu yeyote.

Na kama ghafi na halisi yanasikika kama ya ofisini, watu wa kawaida wana lao, na kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote: mkononi. Mwalimu akimwuliza mwenzake mshahara, anajibiwa, "Laki nane, lakini mkononi inaingia kama laki sita hivi." Mkononi ndiyo "net" ya Kiswahili cha mtaani. Kila mfanyakazi anaijua, na anajua pia kilichoipunguza, kwa sababu karatasi yake ya mshahara inaorodhesha makato moja baada ya jingine: kodi, PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ya mshahara, bodi ya mikopo asilimia 15 kwa aliyesomeshwa kwa mkopo. Akiona kato asilolitambua anakwenda kwa mhasibu siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo napata hasira. Mwalimu analipwa kwa karatasi inayotaja kila shilingi iliyokatwa, tena akiwa mtu aliyesoma. Mvuvi, ambaye sangara wake hukatwa minofu kwenye viwanda vya mji huu na kupelekwa Ulaya tangu miaka ya 1990, analipwa kwa karatasi yenye maneno mawili ya kigeni na pengo katikati. Kwa miaka mingi tumepiga kelele kuhusu lumbesa, gunia lililofungwa likapandishiwa kilemba ili mkulima aibiwe bila kuguswa mfukoni, na Wakala wa Vipimo wakapewa meno ya kulishughulikia chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Kwa mvuvi lumbesa iko upande wa pili wa mizani: kilo zinaondolewa badala ya kuongezwa. Wala sisemi kwamba zinaondolewa kwa wizi. Kreti ina uzito, barafu ina uzito, samaki aliyetoka kwenye barafu anachuruzika maji, na hakuna mnunuzi atakayelipia maji kwa bei ya sangara. Nasema tu kwamba kilichoondolewa kitajwe, kwa lugha ya anayeondolewa.

Na sioni kwa nini hilo liwe gumu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mwaka huo huo UNESCO ikatenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka tunapiga ngoma na kusoma mashairi. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967 na istilahi za biashara imezitoa kwa wingi. Kutoka huko juu hadi kwenye kitabu cha stakabadhi cha mwaloni kuna hatua moja tu iliyobaki, nayo ni ya mchapaji: anayeagiza kitabu kipya amwambie aandike maneno manne. Uzito wa jumla. Kreti. Barafu na maji. Uzito halisi. Wino ni ule ule.

Siku ile nilikwenda na baba mdogo kwa karani. Ni kijana mpole, alitupokea vizuri, akamwamkia mzee kwa heshima. Nikamwuliza zile kilo 17 za stakabadhi ya kwanza ni za nini hasa. Akaitazama karatasi. Akasema, "Hiyo ni net, kaka." Nikamwuliza net ya nini. Akasema, "Net tu. Ndivyo kitabu kilivyo." Ameandika neno hilo kwa miaka sita kila siku ya soko, na hakuwahi kuambiwa na mwajiri wake lina maana gani. Alipolielewa alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: wazee wengine watatu wanakopa nyavu pale, na wote humwuliza net imefika ngapi, naye amekuwa akiwasomea safu ya mwisho.

Deni halikufutwa. Mnunuzi alikubali kulipangia upya muda, na kwamba kuanzia hapo makato ya nyavu yataandikwa peke yake, kwa shilingi, chini kabisa. Karani alichukua rula na kalamu ya wino, akafuta maneno yaliyochapwa kwenye kurasa zote zilizobaki za kitabu kile, moja baada ya nyingine, akaandika mapya kwa mkono. Ilimchukua karibu saa nzima na sisi tumekaa pale.

Juma lililofuata baba mdogo alinitumia picha ya stakabadhi kwa simu ya mjukuu wake. Jumla 190. Kreti 9. Barafu na maji 6. Halisi 175. Nyavu: sifuri, kwa kuwa malipo yanaanza mwezi ujao. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake zinasikika injini na ndege wa ziwani. Alikuwa hasemi na mimi. Alikuwa amesahau simu inarekodi, anazungumza na karani.

"Kreti sawa, kijana wangu, nimeiona ikipimwa. Sasa hayo maji kilo sita, mmeyapimaje?"